Mkato wa Kwanza

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumepogoa. Nimefanya mkato wa kwanza, na nadhani sitaufanya tena, ingawa sikumwambia mtu.

Desturi hii tuliianza wenyewe. Kikundi chetu kilipopewa dampo lililokuwa nyuma ya zahanati, tukasomba taka na kupanda michungwa, tulikubaliana kwamba kila mwaka kabla ya kupogoa, mkubwa kuliko wote kwa umri atazunguka shamba zima na kukata tawi moja dogo katika kila mti. Wengine humfuata wakipiga makofi. Akimaliza, ndipo kila mtu hushika msumeno wake. Wakati huo mkubwa alikuwa mtu mwingine, na mimi niliona ni mchezo wa watoto. Sasa ni heshima pekee niliyobaki nayo ambayo sipewi kwa sababu ya ugonjwa.

Breki alinishika kiwiko mti hadi mti. Ameendesha basi maisha yake yote, na jina hilo alipewa na abiria.

"Mwalimu, ukichoka sema, nitie gia ya kurudi nyuma."

"Gia ngapi umeua wewe?"

"Ninazokumbuka ni chache. Ila kumbukumbu zangu nazo ni chache."

Fundi Cherehani alikuwa nyuma yetu na chupa ya spiriti na kitambaa. Yeye ni mgeni kidogo mtaani, mjane, na kwenye kikundi ana bidii kuliko sisi sote. "Mwalimu, nikupangusie msumeno kabla hatujaenda mti mwingine?"

"Msumeno wangu ni safi kuliko mikono ya daktari," nikamwambia. Watu wakacheka. Akarudi nyuma na chupa yake.

Manyunyu yalianza tukiwa katikati. Mkunga, mwenyekiti wetu, alisema tusiache kazi nusu, na hatukuacha.

Jumapili, 9 Machi

Mwili wote unauma. Binti yangu amevificha viatu vyangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Miguu imevimba hadi soksi haziingii.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda shambani kwa kandambili. Binti alikuwa kazini. Michungwa miwili karibu na lango ina majani ya njano kwenye ncha. Mkunga anasema ni maji mengi. Nami nikasema ni maji mengi.

Mche wa ndimu alioupanda Fundi kwenye kona umechipua vizuri. Aliuleta ndani ya kopo la rangi kutoka kwa mama yake. Alinionyesha jani jipya, akalishika kama anavyoshika kitambaa cha mteja.

Jumamosi, 29 Machi

Si maji. Magome yanapasuka pale tulipokata, na utomvu unatoka, mzito, rangi ya chai. Niliweka kidole nikanusa. Harufu yake naijua.

Ukutani kwetu, upande wa jiko, kuna mlimau uliopandwa na marehemu mke wangu. Tangu mwaka jana una donda kwenye shina. Ijumaa, siku moja kabla ya kupogoa, niliukata tawi lililooza. Nilikusudia kusafisha msumeno kisha nikahema, nikakaa, na chupa ilikuwa ndani kabatini juu. Nikasema nitausafisha kesho.

Miaka yote niliyofundisha sayansi, niliwaambia watoto kwamba kisu kichafu ni sindano. Hata kikundi hiki ni mimi niliyekifundisha kupangusa kwa spiriti kila baada ya mti. Wote wanapangusa. Asubuhi ile msumeno mmoja tu haukupanguswa, na ndio uliogusa kila mti shambani.

Nimeandika. Sijui kama nitaweza kusema.

Jumapili, 30 Machi

Nimeukagua mlimau wetu. Donda lilelile.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikwenda. Nilisema kifua kinabana. Kweli kilibana, lakini ningeweza kwenda.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua usiku kucha, na leo mchana pia. Breki alipita kunijulia hali, maji yakimchuruzika hadi kwenye masikio. Anasema sasa miti inayougua ni zaidi ya nusu na matunda yanadondoka yakiwa mabichi. "Kama shamba limepatwa na surua, Mwalimu. Mmoja akikohoa, wote." Kisha akasema, "Mimi sina mtoto. Nilitaka niseme haya ni mazao yangu."

Nilimwambia anywe chai kabla haijapoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo alikuja afisa kilimo. Binti alinipeleka mwenyewe, akaniwekea kiti chini ya turubai kama mgeni rasmi.

Afisa ni kijana mpole mwenye buti mpya. Alikwangua gome, akatazama, akatuambia ni bakteria. Huingia penye kidonda, na mvua huisambaza. Dawa ya kuponya hakuna. Kisha akauliza maswali mawili, na nataka niyaandike kama alivyoyauliza.

La kwanza: "Vifaa vya kukatia mnasafisha?"

Mkunga alinyoosha mkono kunielekea. "Huyu ndiye aliyetufundisha. Alikuwa mwalimu wa sayansi. Sisi tunapangusa kila mti, bwana afisa, kama chumba cha kuzalishia."

Watu wote wakanitazama kwa fahari. Kijana akanipa heshima, akainamisha kichwa. Nilikuwa na nafasi hapo, kubwa kama mlango wa ghala. Nilichofanya ni kuitikia kwa kichwa.

La pili: "Kuna mche wowote ulioingia kutoka nje?"

Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea kona, na kutoka kona kuelekea kwa Fundi.

"Ni mndimu," akasema Fundi. "Mmoja tu. Na mzima, njooni muuone."

Wakaenda wakauona. Ulikuwa mzima kweli, kijani kibichi, hauna hata doa. Bila shaka ulikuwa mzima: ulikuwa mdogo mno kukatwa tawi, kwa hiyo siku ile niliuruka. Ule mche ulikuwa ushahidi dhidi yangu, umesimama pale mbele ya kila mtu. Lakini wao walisoma kinyume.

"Mti unaweza kubeba ugonjwa bila wenyewe kuugua," akasema afisa. "Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema unaweza."

Hakuna aliyesikia ile sentensi ya katikati.

"Angalia," akasema Breki, na sauti yake sikuitambua. "Sisi tunalia, wa kwake unacheka."

Jumapili, 13 Aprili

Binti ameniuliza kwa nini sili. Nimesema chumvi imezidi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa zahanati. Nilikuwepo.

"Mwanangu," Mkunga alimwambia Fundi, "sheria yetu ni moja tu. Mche wa nje hauingii bila ruhusa."

"Mama, nilikuuliza. Siku ile ulikuwa unanunua vifungo kwangu. Ukasema tutaona."

"Tutaona si ndiyo."

"Na si hapana."

"Usinijibu hivyo, mimi nimewapokea nusu ya watu waliomo humu ndani wakiwa wanalia uchi."

Wachache walicheka, na kile kicheko ndicho kilichomaliza kesi. Fundi alizungusha macho chumba kizima, akatafuta mtu. Macho yake yalifika kwangu yakatua. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanangoja. Nikaangalia fimbo yangu.

Walimwambia apumzike kidogo kuja shambani. Wakang'oa mndimu. Breki ndiye aliyeung'oa, kwa mkono mmoja, mizizi yote.

Nijieleze? Najaribu. Daktari amemwambia binti yangu, akidhani sisikii, kwamba moyo wangu unajaa maji na kwamba sitaona mvua nyingine. Nikifa, nitabaki kama nini? Nyumba ni ya kupanga. Wanafunzi wangu wametawanyika. Kilichokuwa kimebaki ni kwamba mtu akipita nyuma ya zahanati aseme, hii miti aliianzisha Mwalimu na wenzake. Niliona miti inakufa nikataka walau jina lisife nayo. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mtu mzima, msomi, na mbele yangu mwanamke anavuliwa utu wake kama kanzu iliyoazimwa.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Binti amerudi na sare za mwanawe zikiwa hazijashonwa. Amezichukua kwa Fundi. "Si mimi peke yangu, Baba. Kila mtu ametoa nguo zake. Watu wanasema mkono wake ni mzito, una nuksi." Msichana niliyemsomesha hadi chuo kikuu, anayepima damu za watu maabara, ananiambia mkono wa mtu ni mzito.

"Zirudishe," nikamwambia.

"Nizirudishe kwa nani, Baba?"

"Kwa Fundi."

"Pumzika, Baba."

Jumamosi, 3 Mei

Nimelazwa wiki nzima. Wanatoa maji kwa vidonge, nakwenda haja kama mtoto. Kila siku nilisema, nikitoka nitasema. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiongea na ukuta. Alikufa jana mchana, hajamaliza anachokieleza.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Fundi. Nyumba ya tatu kutoka bombani, chumba kimoja, cherehani dirishani. Nilipumzika njiani mara nyingi hadi jua likahama upande wa barabara. Ndani hamna kitambaa hata kimoja mezani. Alikuwa ameipaka mashine mafuta na kuifunika.

Alinipa kiti. Nilimwambia yote bila kupumua vizuri: mlimau, Ijumaa, kabati, mkato wa kwanza.

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeshika chupa. Niliona utomvu umekaukia kwenye meno ya msumeno. Na mlimau wenu naupita kila siku nikienda kuchota maji."

"Mbona hukusema?"

Aliniangalia kama vile nimeuliza swali la kijinga darasani, naye hataki kuniaibisha. "Niseme nini? Kwamba Mwalimu ni mchafu? Mimi niliyekuja juzi? Wangenifukuza siku ileile badala ya kunipa wiki moja."

"Ungejaribu."

"Wewe unayesikilizwa umeshindwa. Mimi ningejaribu nini?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa anakaririshwa hesabu, anakosea palepale kila mara.

"Nitasema," nikamwambia. "Nitawaambia wote."

"Sema," akasema, akaondoa kikombe changu.

Hakunishukuru. Wala hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Jumatano, 14 Mei

Nilimwomba Mkunga aje. Alikuja na kipimo chake cha presha, ambacho hakijastaafu ingawa yeye amestaafu. Nikamweleza.

"Ulipangusa, Mwalimu. Nilikuona."

"Hukuniona."

"Basi nilimwona yeye na chupa."

"Aliileta nikaikataa. Nikafanya mzaha, mkacheka. Wewe ulicheka."

Alinifunga kitambaa cha kipimo mkononi, akapuliza, akasoma. "Unapata usingizi?"

"Mkunga, siumwi kichwa. Nakuambia kitu kilichotokea."

"Nakusikia. Una moyo mwema mno, ndiyo tabu yako. Umemwonea huruma yule mama. Hata mimi namwonea. Lakini usijibebeshe." Kisha mlangoni, kwa sauti ya chini, akamwuliza binti yangu dawa zangu zimebadilishwa lini.

Jumamosi, 24 Mei

Nimesema. Nilipiga moyo konde nikasimama mbele ya kikundi kizima, ukumbini, nimeshika meza. Nilieleza kama ninavyoeleza somo: chanzo, njia, dalili. Nikasema kwa nini mndimu haukuugua. Nikasema, "Fundi hana kosa. Miti hii nimeiua mimi, kisha nikanyamaza akaadhibiwa yeye." Nilitumia maneno hayo. Nilijitahidi yasiwe na kona.

Halafu Breki akaanza kulia, waziwazi, akajifuta kwa kofia.

"Mnamwona?" akawaambia wengine. "Hivi ndivyo watu wa zamani walivyokuwa. Mgonjwa, anahema hivyo, amekuja kumbebea mwenzake mzigo."

"Breki, sibebi mzigo wa mtu. Njooni nyumbani muuone mlimau."

"Tumeuona, Mwalimu. Maskini, nao umeugua. Umeubeba ugonjwa kutoka huku na kandambili zako, ukaupeleka kwako." Akasimama akanishika kiwiko. "Shamba limekuponza hadi nyumbani."

Nikasema mlimau uliugua kwanza. Nikasema mwaka jana. Nikamwita binti yangu, aliyekuwa amekaa nyuma. "Waambie. Donda limekuwepo tangu lini?"

Alisimama. Aliwaangalia, akaniangalia mimi. "Sikumbuki, Baba," akasema. Na najua hasemi uongo. Hajawahi kuutazama ule mti. Aliyekuwa akiutazama ni mama yake, kisha mimi.

Hapo Mkunga akachukua neno. "Jamani, Mwalimu ametupa somo. Ikiwa yeye ambaye ndiye mwenye miti hii kuliko sisi sote ameweza kumsamehe yule mama, sisi ni nani? Napendekeza tumsamehe."

Wakapiga makofi. Walipiga makofi yaleyale ya siku ya kupogoa. Wakamtuma Breki akamwambie Fundi kwamba amesamehewa.

Nilikuwa na silaha moja tu, heshima yao kwangu, nikadhani nikiivunja mbele yao itatosha. Kumbe haivunjiki. Niliilea muda mrefu mno, sasa haihitaji hata mimi.

Jumapili, 25 Mei

Breki amekuja amenuna. "Ana kiburi yule! Nimemwambia yameisha, tumekusamehe, akafunga mlango. Taratibu, wala hakuubamiza. Afadhali angeubamiza."

"Ulimwambia nilichosema?"

"Nilimwambia umemwombea msamaha."

"Sikumwombea, Breki! Nilikiri!"

"Ndiyo, Mwalimu wangu," akasema. Akaniletea ndizi mbivu, akamenya moja, akanipa.

Jumamosi, 31 Mei

Wamekata miti yote. Afisa aliagiza ing'olewe na kuchomwa kabla mvua haijakatika, ili moto usitambae. Sikwenda. Nilisikia misumeno kutoka kitandani, na kila aliyemaliza mti alisimama kidogo kabla ya msumeno kuanza tena: walikuwa wanapangusa kwa spiriti. Mti unakwenda motoni nao wanapangusa. Nimewafundisha vizuri.

Moshi wa miti mibichi umeingia hadi chumbani. Binti alirudi jioni nywele zikinuka moshi, akasema hakuna kilichobaki, wamesawazisha hadi shimo la mndimu. Halmashauri imeshaweka mawe ya alama. Wanasema zahanati inahitaji mahali pa magari.

Jumanne, 3 Juni

Niliandika karatasi moja kwa Fundi, nikaichana. Mtu aliyefungiwa mlango wa riziki hahitaji mwandiko mzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Fundi amehama. Binti aliona mkokoteni umebeba cherehani, godoro na ndoo. Amekwenda wapi, hajui. Hakuna aliyemwuliza.

"Alikuaga?" nikamwuliza.

"Alinisalimia tu. Akasema, msalimie Mwalimu."

Nimelifikiria neno hilo kutwa nzima. Ningependa kuamini lina kitu ndani yake. Lakini ndivyo watu wanavyosema wakiwa wameshika mkokoteni na mtu amesimama njiani.

Jumanne, 10 Juni

Mvua imekatika. Siwezi kulala chali, maji yanapanda. Nalala nimekaa.

Ijumaa, 13 Juni

Nguvu zimepungua, nitaandika kidogo.

Mkunga na Breki walikuja. Wanapanga, bila kujificha sana, jinsi watakavyonisindikiza. Mkunga atasema maneno ya kikundi. Anataka kuwaambia watu habari ya siku ile ukumbini, jinsi nilivyosimama mgonjwa nikajitwisha kosa lisilo langu. Aliniambia kama zawadi. Nilimwambia, usiseme hivyo, ni uongo. Akanipapasa mkono.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilimwita binti yangu akae kitandani. Nilimshika kidole, kwa sababu mkono mzima sikuweza kuukamata.

Nikamwambia: siku ile watakapokuwa wote wamekusanyika, kabla Mkunga hajafungua mdomo, simama wewe. Wewe ni damu yangu, wewe unapima magonjwa, watakusikia. Sema, baba yangu aliiua miti kwa msumeno mchafu, akanyamaza, na yule fundi hakuwa na kosa. Sema hivyo tu. Usinipambe. Kisha mtafute alikokwenda, umwambie kwamba ulisema.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Utasema?"

"Nitasema, Baba."

"Kama nilivyosema mimi?"

"Kama ulivyosema." Akanivutia shuka hadi kifuani, akanipangusa mate pembeni mwa mdomo, akanisogezea maji. "Sasa pumzika. Ukipata nguvu kidogo nitakupeleka shambani, ukaione miti yako."